Barua ya wazi kwa wanangu mnaocheza futiboli ya Kimarekani vyuoni Marekani

Wanangu,

Wazazi wenu wengi walikuja huku wakiujua mpira wa miguu tu, na mpaka leo Jumamosi wakikaa jukwaani hushangilia wakiwaona wengine wanashangilia. Mimi mchezo wenu nimeuzoea, ingawa sijaelewa kwa nini mchezo wa saa moja umalizike baada ya saa tatu na zaidi.

Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. (Wenye viza ya mwanafunzi, ulizeni kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kutia sahihi popote.) Pesa zimeingia, na naona kijana wa miaka 19 tayari ana taasisi ya hisani yenye jina lake. Anagawa mabegi ya shule, anapigwa picha, msimu ujao kahamia chuo kingine. Wale watoto hawamwoni tena.

Someni habari za Warrick Dunn, mchezaji wa zamani wa futiboli kutoka Baton Rouge, Louisiana. Januari 1993, siku mbili baada ya Dunn kutimiza miaka 18, mama yake, Betty Smothers, aliuawa kwa risasi. Alikuwa askari polisi aliyelea watoto sita peke yake, na usiku ule alikuwa kwenye kazi ya ziada ya ulinzi, akimsindikiza meneja wa duka kupeleka fedha benki. Dunn ndiye kifungua mimba. Akaenda kusoma na kucheza chuo kikuu cha Florida State huku wadogo zake watano wakimtegemea yeye. Msimu wake wa kwanza timu ikawa bingwa wa taifa, na kuanzia 1994 hadi 1996 alivuka yadi 1,000 za kukimbia na mpira kila msimu, mtu ambaye si mrefu wala si mnene.

Tampa Bay, timu ya kulipwa, walipomchukua mwaka 1997, kocha Tony Dungy aliwahimiza wachezaji wake wajitolee kwenye jamii. Dunn hakutafuta mbali. Mama yake alikufa akitamani nyumba yake mwenyewe, hakuipata. Basi akaamua kuwasaidia kina mama wanaolea peke yao wanunue nyumba ya kwanza: anachangia kianzio, yaani malipo ya mwanzo ya nyumba, na siku ya kupokea funguo wanaikuta ina vitanda, vyombo na chakula. Nyumba haitolewi bure. Mama hutafuta mkopo wake na kuulipa kila mwezi. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana amewaheshimu. Alihamia timu ya Atlanta mwaka 2002, akaacha kucheza baada ya msimu wa 2008, na kazi ile hakuiacha.

Mama zenu nao wamebeba maboksi na kukesha kwenye nyumba za wazee. Wengine wenu mlikuwa wakalimani wao hospitalini mkiwa na miaka 10. Kwa hiyo mpigie mama umuulize ni jambo gani lilimtesa zaidi alipofika huku. Akisema ni barua za mwenye nyumba asizoweza kuzisoma, nenda msikitini au kanisani kwenu, ukae na waliofika juzi, uwasomee barua zao. Hilo halihitaji taasisi wala mhasibu.

Na ninyi wazazi, kijana akipata dola zake za kwanza, msimgeuze benki ya ukoo. Harambee za nyumbani zilikuwepo kabla yake.

Mzee wenu.