Mwanangu, kuhusu hizo Subaru mbili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua. Picha zako zilinifanya jana niwajibu wateja nusunusu hadi nafunga duka letu la vipuri: ile Impreza WRX ya 1993 iliyoko huko Dar, na hiyo WRX S4 ya 2015 ambayo bado iko Japani. Unaniuliza mimi ningechukua ipi.

Umeitaja sana nguvu, basi tuipige hesabu. Hiyo ya 1993 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 240, uzito kama kilo 1,200. S4 ina 300, lakini mwili umenenepa hadi kilo 1,540 hivi. Gawanya mwenyewe: kila farasi anabeba kilo tano, kwa mkongwe na kwa kijana. Farasi wote 60 walioongezwa wamekwenda kubeba bodi nene, mito ya hewa na vikorokoro. Mito ya hewa siibezi, nataka uwe nayo. Mpya inapoishinda ya zamani ni kwenye kuvuta. S4 inavuta kwa nguvu kuanzia mizunguko 2,000 tu ya injini, wakati ile nyingine unakanyaga, unasubiri turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, iamke, ndipo inakurusha.

Na ule mngurumo wa zamani usiutafute kwenye S4. Ulitokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, moshi wa upande mmoja unachelewa kuliko wa mwenzake. Siku hizi wameyalinganisha. Marehemu baba yako angenuna. Tangu dereva Colin McRae ashinde Safari Rally na Impreza mwaka 1997, kila Subaru ikipita barabarani alikuwa anaacha chakula.

Lakini yeye huyo ndiye aliyenifundisha ubaya wa injini ya EJ20, ndiyo iliyomo kwenye hiyo ya 1993. Ulikuwa bado mdogo. Tulikuwa tunarudi kutoka Masasi msimu wa korosho, na ile Subaru Legacy yake ya turbo, hatujafika Mnazi Mmoja ya Lindi. Nikasikia tap, kama kijiti kinavunjika, injini ikanyamaza. Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha valvu na pistoni, ulikuwa umekatika, valvu zimegongana na pistoni zikapinda. Mkanda ule hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, naye alikuwa ameuahirisha kwa miezi kwa sababu hela ilikuwa kwenye mzigo wa dukani. Tulilala barabarani na magunia. Mkanda wenyewe nimeutundika msumarini nyuma ya kaunta, meno manne hayapo.

S4 haina shida hiyo, ina cheni. Ina yake. Noseli zake zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na ile ya soko la Japani haina gia ya mkono, ni CVT tu, gia ya kujiendesha yenyewe isiyo na hatua. Vyote viwili siviweki dukani, na hapa Mtwara simjui fundi wa kumwachia gari hiyo nikalala usingizi. Ikigoma Krismasi umekuja nyumbani, utarudi Dar kwa basi.

Mkongwe ana ndugu wengi. EJ20 ilianza na Legacy mwaka 1989 ikaenda miaka kama thelathini, na Forester za mwanzo zilizojaa mjini zinaitumia. Si kila kitu kinaingiliana, lakini rola, pampu ya maji, gasketi na sensa nyingi napata wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi ningechukua ya zamani, mradi haijachezewa. Hapo ndipo picha yako inaponitia wasiwasi: bomba la nyuma ni pana kama ndoo, na boneti rangi yake haifanani na fenda. Nenda asubuhi, na mwambie mwenye gari asiwashe kabla hujafika. Gusa injini, iwe baridi. Fungua kifuniko cha oili; ukikuta utando mweupe kama maziwa, maji yameshaingia, muage kwa adabu. Kisha chungulia chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Kama iliwahi kukaa pwani, kutu itakuwa imeanzia hapo.

Ukiinunua, usiitoe mjini. Nitakutumia mkanda, rola zake na pampu ya maji kwa basi la usiku, nipigie tu uniambie namba ya injini.

Mama yako