Wazee wapimwe na mwendo, si presha na sukari tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu kambi za upimaji bure wa wazee, ambazo hushamiri kila Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani, inapokaribia. Ya kata yetu nayo ilifana: hema, viti vya plastiki, foleni tangu alfajiri. Wazee wakapimwa presha, sukari na macho, wakapewa ushauri wa chumvi, wakarudi makwao. Sikuona hata mmoja akiambiwa, "Hebu simama, utembee tukuone."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Tanga, na wengi ninaowahudumia ni waliovunjika nyonga. Huanguka usiku wakienda msalani, au wakivuka kizingiti cha mlango wa uani. Ndugu hunieleza kwamba mzee "aliteleza tu." Nikidadisi, nasikia kwamba kitambo alishaanza kushika ukuta, na sokoni alishaacha kwenda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vifo vya ajali, barabara pekee ndiyo inayoua zaidi.

Kupima uimara wa mtu katika mwendo hakuhitaji bajeti. Mwaka 1991 watafiti Podsiadlo na Richardson walichapisha kipimo ambacho sisi wa fani hii tunakitumia hadi leo. Mzee anakaa kwenye kiti chenye mikono. Ukisema "haya," anainuka, anatembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi, anakaa. Avae viatu vyake vya kila siku, na kama ana mkongojo autumie. Wewe unahesabu sekunde kwa simu. Mwongozo wa Marekani wa kuzuia wazee kuanguka unamhesabu kuwa hatarini anayetumia sekunde 12 au zaidi.

Sekunde zenyewe ni nusu ya habari. Nimkumbuke bibi mmoja aliyeletwa kwangu kwa maumivu ya bega, siyo miguu. Nikamwamkia, nikamwomba ainuke. Alijisukuma kwa mikono, akarudi kitini, akajisukuma tena. Njia nzima macho yake yalikuwa sakafuni. Kwenye alama ya chaki hakugeuka kwa hatua mbili tatu kama wewe na mimi, alizunguka kwa vihatua vidogovidogo huku kandambili zikiburuzika. Nilipomuuliza, "Bibi, wajukuu hawajambo?" akasimama kabisa ndipo akajibu, "Hawajambo, mwanangu." Watafiti wa Sweden walilichapisha jambo hili mwaka 1997: mzee asiyeweza kuzungumza bila kusimamisha mwendo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka. Bega lilikuwa limeumia alipojizuia asianguke, na mwenyewe hakuona sababu ya kulisema hilo.

Kuna mwenzangu kazini anayeshikilia kwamba bila maabara ya kupima mwendo, haya yote ni makisio. Maabara hizo zipo, zina kamera kuzunguka chumba na sakafu inayopima nguvu ya kila kanyagio. Mtafiti Hof na wenzake wa Uholanzi walionyesha mwaka 2005 namna ya kukokotoa nafasi inayobaki kati ya pale mwili unapoelekea na ukingo wa wayo. Ni hesabu ya maana, maana katika kutembea sehemu kubwa ya muda tuko juu ya mguu mmoja, na hatua inayofuata ndiyo inayotudaka. Kwa anayetengeneza miguu bandia, hesabu hiyo ni dhahabu. Lakini mzee wa Pongwe, huku kwetu Tanga, hataisubiri kamera.

Na hiyo presha yenyewe, mbona inapimwa akiwa amekaa tu? Apimwe amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda kizunguzungu kinatokana na dawa anazomeza, na daktari wake anapaswa kujua. Hilo wanaweza kulifanya hata kesho, mashine wanazo tayari.

Ombi langu kwa waandaaji wa kambi zijazo, na kwa zahanati zenye dirisha la wazee: kwenye kadi ya mzee iongezwe nafasi ya kuandika sekunde zake, na nyingine ya swali moja, "Umeanguka mwaka huu?" Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa asubuhi moja. Asimame karibu na mzee, asikae kando akihesabu kwa simu yake. Kiti nacho kiegemezwe ukutani, maana hivi vya plastiki huteleza kwenye sakafu ya vigae, na sitaki tumwangushe mtu tukiwa tunampima asianguke.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Tanga