Risala ya wamiliki na mafundi wa pikipiki za zamani kwa Mgeni Rasmi, siku ya gulio la pikipiki na vipuri, Morogoro

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi. Wawakilishi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wawakilishi wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Mtendaji wa Kata. Wazee wetu mliokuja na pikipiki zenu. Mafundi wenzangu, mama lishe, vijana wa bodaboda na wageni wote, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya kikundi chetu ninakukaribisha kwa heshima kubwa katika gulio hili, na ninakushukuru kwa kukubali kuja kutusikiliza katika jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni la watu wachache wanaopenda vyuma chakavu. Hapa ndipo mwenye tangi la BSA, pikipiki ya Kiingereza, asiye na kabureta hukutana na mwenye kabureta asiye na tangi, wakapatana bei au wakabadilishana, na ndipo kijana anayejifunza ufundi huiona injini iliyofunguliwa ambayo hataikuta katika gereji ya mtaani. Wenzetu wa nje wameyazoea magulio ya namna hii kwa muda mrefu. Marekani, matawi ya Antique Motorcycle Club of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1954, huyaandaa kila mwaka, na mojawapo ya yale makubwa hufanyika Davenport, katika jimbo la Iowa. Chama hicho huihesabu pikipiki kuwa ya kale inapotimiza miaka 35, nasi tumeufuata ukomo huo. Kwa majirani zetu wa Nairobi, mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, hushindanisha magari na pikipiki kwa usafi na utunzaji.

Ukipita katika safu hizi, Mheshimiwa, utaiona BSA Bantam, pikipiki ndogo ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ambayo mchoro wake ulitoka kwenye DKW ya Kijerumani na kuchukuliwa kama fidia ya vita. Utaziona Vespa zilizovuka bahari kutoka Unguja, ambako bado zinafanya kazi za kila siku. Utaziona Yamaha na Honda XL za aina waliyoitumia mabwana shamba na mabwana mifugo kufika vijiji ambavyo gari halikuweza kuingia. Na utaiona Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo kwa maoni yangu ina somo kubwa kuliko zote zilizopo hapa. Katika injini hiyo Honda waliiweka kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, chini na kuzisukuma valvu kwa fito, badala ya kuiweka juu na kuizungusha kwa cheni, kwa sababu walijua itapita kwenye vumbi, itacheleweshewa oili na itafunguliwa na fundi mwenye spana chache. Injini za pikipiki nyingi za Kichina ambazo vijana wetu wanaendeshea bodaboda zimetokana na mchoro huohuo, kwa hiyo fundi anayeielewa CG ya zamani anashika ufunguo wa riziki ya vijana wengi wa mji huu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo kubwa tunalokuomba ulichukue kutoka hapa ni usalama wa uwanja huu. Sisi wa Morogoro hatuhitaji mtu wa mbali aje kutufundisha petroli inaweza kufanya nini. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na ndugu zetu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Baadhi yao walikuwa waendesha bodaboda. Kwa kuwaheshimu hao, kikundi hiki kilikubaliana kwamba kanuni za petroli ziandikwe kabla ya kanuni za biashara.

Pikipiki ya zamani huvuja, na hilo halina mjadala. Kabureta nyingi za Kiingereza za miaka ile zina kitufe pembeni ambacho mwendeshaji hukibonyeza mpaka mafuta yafurike ndipo apige kiki, na matone yake huangukia juu ya injini ambayo huenda bado haijapoa. Koki ya tangi iliyokaa miaka mingi bila kutumika huwa imekauka na haizibi tena. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa kwenye mifereji na chini ya meza, na huweza kuifikia cheche iliyo mbali na mahali mafuta yalipomwagika. Ndiyo sababu kila pikipiki ya maonyesho imeingia humu ikiwa na mafuta kidogo sana, koki imefungwa, waya wa betri umechomolewa, na chini ya injini limewekwa sinia lenye mchanga, ambao ukilowa unatolewa na kuwekwa mwingine.

Kwa mafundi wenzangu, zoea lililotupa kazi kubwa kuliko yote ni lile la karai. Kila fundi analijua: unamimina petroli kwenye karai, unatumbukiza gia na bearingi, unasugua kwa mswaki mkuukuu, na grisi inatoka mara moja. Kisha karai linabaki wazi juani, na hatua chache kutoka hapo mtu anawasha sigara au anachomelea fremu. Ndani ya uwanja huu karai la petroli limepigwa marufuku kabisa. Anayetaka kumsafishia mteja chuma atumie maji ya moto na sabuni ya unga, na kilichobaki akamalizie kwenye gereji yake. Tumekataza pia petroli kwenye chupa za maji ya kunywa, kwa sababu tunajua jinsi mtoto mwenye kiu anavyoishika chupa yoyote anayoiona mezani. Aidha, pedi za breki za zamani nyingi zina asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, hivyo haturuhusu mtu kuzipuliza vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Zinafutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

Mitungi ya kuzimia moto ya poda kavu imewekwa mwanzoni na mwishoni mwa kila safu, kwa kuwa maji yakimwagwa juu ya petroli inayowaka huutandaza moto. Njia ya katikati imeachwa kwa upana wa gari la zimamoto, na hakuna mwenye meza anayeruhusiwa kuisogelea, hata kwa pindo la turubai. Namba ya simu ya zimamoto, 114, imeandikwa getini na kwenye kila nguzo.

Suala la mama lishe lilihitaji mazungumzo marefu. Majiko ya mkaa na petroli haviwezi kukaa pamoja, lakini kuwapeleka mama zetu kwenye kona isiyopita mtu kungekuwa kuwanyima siku yao. Tulikaa nao, tukawasikiliza, na tukakubaliana wakae upande wa geti la kutokea, nje ya uzio wa pikipiki, mahali ambapo kila mgeni anapaswa kupita. Tunawashukuru kwa kukubali, na tunawaomba wageni wasitoke bila kula kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kanuni inayolalamikiwa zaidi na vijana ni ile ya kuzima injini getini na kuikokota pikipiki kwa mkono ndani ya safu zote. Tunaielewa hamu yao, maana mtu aliyeifufua pikipiki ya babu yake anataka isikike. Hata hivyo, kati ya meza hizi wapo wazee wanaoinama kuangalia vipuri na watoto wanaopita bila kuangalia, na breki za ngoma za zamani hazishiki kama za leo. Ipo pia hatari ambayo wengi hawaijui. Katika pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka hiyo, gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto, kinyume cha hizi tunazoendesha kila siku. Kijana hodari wa bodaboda akiipanda kwa mara ya kwanza na akashtuka, mguu wake wa kulia utakanyaga gia akidhani ni breki. Kwa hiyo tumetenga eneo la majaribio nyuma ya uwanja, lenye uzio wa kamba na ardhi tambarare, na hapandi mtu asiye na leseni, kofia ngumu na mwenye pikipiki akiwa pembeni yake kumwonyesha miguu na mikono inavyofanya kazi.

Usalama wa uwanja hauishii kwenye moto na ajali. Soko la vipuri likikosa usimamizi hugeuka njia ya kuuzia mali ya wizi, na hapo mzee mwaminifu hatarudi tena. Hapa anayeuza injini au chesisi anaandikisha jina lake na namba iliyogongwa kwenye chuma, anaonyesha kadi pale inapokuwepo, na mnunuzi anapewa karatasi yenye namba hiyo. Injini iliyosuguliwa namba haiingii mezani, hata mwenyewe akiwa rafiki yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi machache. Tunaomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lituwekee utaratibu wa kuwafundisha walinzi wetu wa safu kabla ya kila gulio, kwa sababu mtungi ulio mikononi mwa mtu asiyejua kuchomoa pini hauna msaada. Tunaomba Jeshi la Polisi lituletee askari mmoja mwenye orodha ya pikipiki zilizoripotiwa kuibwa, akae kwenye meza ya uandikishaji tangu geti linapofunguliwa. Ombi letu kubwa zaidi ni uwanja wa kudumu wenye uzio, bomba la maji na vyoo, kwani kila tunapohamia mahali papya tunaanza upya kupima njia ya gari la zimamoto na kutafuta mahali pa majiko. Kikundi kipo tayari kulipia matumizi ya uwanja huo na kuusafisha mafuta na vyuma baada ya kila gulio.

Mara baada ya risala hii, maofisa wa zimamoto wataonyesha namna ya kuzima moto wa petroli, pale mwisho wa uwanja, mbali na safu. Tunakuomba, Mheshimiwa, uwe wa kwanza kuushika mtungi, kisha tukupitishe kwenye meza zote uwasikilize wenye pikipiki wenyewe.

Naomba kuwasilisha.