Barua ya wazi kwa mwenyekiti wa bodi: hisa zimeshuka, bonasi imepanda, tuelezeni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu nyingi kwako. Heshima sijaiacha hata baada ya kuzimiwa maiki wiki iliyopita kwenye mkutano mkuu nikiwa katikati ya swali. Si neno, nalimalizia hapa.

Mi ni mwanahisa mdogo, hisa 600 tu, nilizinunua na kiinua mgongo changu miaka minne iliyopita na leo ukizipima zimebaki kama nusu. Gawio, yaani faida tunayogawiwa wanahisa, mwaka wa pili huu hatujaliona, inakuja tu barua kwamba "bodi haipendekezi gawio". Sawa, biashara ina kupanda na kushuka. Sasa juzi usiku nafungua ripoti ya mwaka, nafika kule nyuma kwenye maandishi ya sisimizi, nakuta mkurugenzi mtendaji kapewa karibu bonasi yote aliyoweza kupewa. Nilifuta miwani nikasoma tena.

Uliposimama pale ukumbini mwaka ule ulituambia sisi wanahisa tukilala njaa na mkurugenzi analala njaa, tukakupigia makofi. Ndo maana mkampa haki ya kununua hisa kwa bei ya siku ile, kwamba bei ikipanda anavuna, isipopanda anabaki na karatasi. Kumbe bei ilipoanguka mkamshushia na bei yake ya kununulia! Mimi nilinunua kule kule juu na sijapigiwa simu na mtu yeyote kuambiwa mzee, ya kwako nayo tumeirekebisha.

Halafu kipimo. Mwaka juzi bonasi ilipimwa kwa bei ya hisa ukilinganisha na kampuni zingine za aina yetu, mwaka huu hiyo haipo, kuna "malengo ya kimkakati" (sijui ndo mdudu gani) na faida kwa kila hisa. Na mwaka huu huu kampuni imenunua hisa zake yenyewe sokoni, sasa hisa zikipungua si faida ile ile inagawanywa kwa chache halafu inaonekana imekua? Sisemi mlifanya makusudi, nakisia tu, ila pesa ya kununua hisa mlikua nayo na ya gawio hamna.

Mnasema soko lote limeshuka, si kosa lake. Lakini lilipopanda lote mbona mlisema ni uongozi wake? Wachumi Bertrand na Mullainathan walishaonyesha 2001 kwamba wakuu wa kampuni za mafuta Marekani walikua wanalipwa zaidi mafuta yakipanda bei, jambo ambalo wao hata hawakulifanya. Na Jensen na Murphy walipiga hesabu 1990 wakakuta kwa kila dola 1,000 ambazo wanahisa wanapata au wanapoteza, mkuu wa kampuni anaguswa na kama dola 3 na senti 25. Huyu wetu hata hizo senti hazijamgusa.

Uswisi 2013 wananchi wenyewe walipiga kura, karibu asilimia 68 wakasema wanahisa ndo waamue malipo ya wakubwa. Australia robo ya kura zikikataa ripoti ya malipo miaka miwili mfululizo, wanahisa wanaulizwa kama wakurugenzi waende wakagombee upya. Sisi kura yetu juu ya malipo mmeiita ya ushauri, tukikataa mnatushukuru kwa maoni.

Sikuombi umfukuze mtu, wala hasara yangu sikudai, hiyo nishaimeza. Rudisheni kile kipimo cha bei ya hisa. Kile kile cha mwaka juzi mlichokiandika wenyewe, na bei ya mkurugenzi ya kununulia hisa irudi ilipokua. Maiki ilikatika nimefika "je, bodi iko tayari kurudisha", basi ndo hilo tu Mwenyekiti, mko tayari kukirudisha au hamko tayari?

Mwanahisa wa hisa 600, safu ya nyuma