Kwa Salma, kuhusu nyuzi nyeupe za ngisi

Tanga, 14 Juni

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Uliniuliza kama zile nyuzi nyeupe ulizozikuta tumboni mwa ngisi ulipokuwa ukimsafisha ni minyoo. Si minyoo, dada. Ngisi wako alikuwa dume, na kila uzi ni kifurushi cha mbegu zake za kiume, kilichoundwa hivi kwamba kikishatoka kwake hujifyatua chenyewe na kuganda mwilini mwa jike. Dume hukipeleka kwa mkono mmoja ulioumbwa kwa kazi hiyo, tena bila kukawia, kwa kuwa ngisi wengi huishi mwaka mmoja hivi na kufa baada ya kuzaliana.

Swali lako limenirudisha kwenye jambo ninalolipenda mno, lililochunguzwa sana kwa ngisi wa Japani aitwaye Heterololigo bleekeri. Madume wake ni wa namna mbili. Dume mkubwa hushindana na wenzake, humlinda jike mpaka atage, na huweka vifurushi vyake ndani kabisa ya mwili wa jike, karibu na mlango wanakotokea mayai. Dume mdogo hayawezi mapambano hayo, kwa hiyo hunyemelea, akamkabili jike uso kwa uso na kubandika vifurushi vyake chini ya mdomo, mahali ambapo jike ana kijifuko cha kuhifadhia mbegu. Jike anapotaga, mayai hupita kwanza penye mbegu za dume mkubwa. Baadaye huyashika kwa mikono yake, na hapo ndipo mbegu za mdogo hupata zamu. Watoto wengi huwa wa mkubwa, lakini si wote.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbegu za dume mdogo ni ndefu kuliko za mkubwa. Niliposoma habari hiyo nilidhani urefu huo ni wa mbio, kumbe kasi yake hailingani na dhana yangu: mbegu zote huogelea sawa. Miaka 2 baadaye ikajulikana kwamba mbegu za dume mdogo huvutwa na hewa ya ukaa zinayoitoa zenyewe, zikakusanyika kundi moja, ilhali za dume mkubwa hazifanyi hivyo. Fikiria, Salma: mahali mbegu inapowekwa pamebadilisha hata umbo na mwenendo wa chembe isiyoonekana kwa macho.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwita dume mdogo mwizi. Utafiti wa mwaka 2024 umeonyesha kwamba wanaoanguliwa mapema katika msimu ndio huelekea kuwa wakubwa, na waliochelewa huwa wadogo. Hakuchagua siku ya kuzaliwa, naye ana njia yake kamili, si mabaki ya njia ya mwenzake.

Nina ombi moja. Siku ukipata ngisi jike sokoni, kabla hujamtenga kichwa, ifunue mikono yake taratibu uangalie kuzunguka mdomo. Huenda ukaona kidoa cheupe kilichoganda. Ukikiona, niandikie upesi, na ikiwezekana unipigie picha kabla hujamtia chunguni.

Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Zuhura