Nduta, simamisha uchapishaji kidogo

Nduta dadangu,

Hujambo wewe na wote nyumbani? Huku sote wazima, mvua tu ndiyo imetufungia ndani. Naandika mbio kwa sababu Kamau ameniambia kijitabu cha wakazi kinaingia mtamboni juma lijalo, pamoja na ukurasa wako wa historia ya uchaguzi wa eneo bunge letu la Lang'ata, Nairobi. Tafadhali usimpe Kamau ruhusa kwanza.

Majina ya wabunge umeyapanga vizuri. Mwangi Mathai 1974, Philip Leakey kuanzia 1979, Raila Odinga kuanzia 1992. Kinachoniuma ni sentensi yako ya kwanza: "Lang'ata imekuwa ngome ya ODM tangu 1992." Sentensi hiyo ikitoka hivyo, watu wa South C wataikataa, na haki itakuwa yao.

Tuanze na chama. Mwaka 1992 hakukuwa na chama cha ODM. Raila alichukua kiti kwa tiketi ya Ford-Kenya. Mwisho wa 1996 akakihama chama, na sheria iliyowekwa 1966 ilikuwa wazi: mbunge akiacha chama kilichomdhamini, kiti chake kinakuwa wazi. Akarudi kwa wapiga kura Machi 1997 kwa tiketi ya NDP akashinda, kisha akashinda tena Desemba mwaka huohuo. Machi 2002 NDP ikavunjwa na kuingia Kanu, chama tawala, pale Kasarani, kwa hiyo kwa miezi kadhaa Lang'ata ilikuwa na mbunge wa Kanu bila karatasi hata moja ya kura kupigwa. Desemba 2002 akapita kwa muungano wa Narc. ODM inaingia 2007. Hebu rekebisha safu ya vyama, na uuongeze uchaguzi mdogo wa Machi 1997. Majedwali mengi huuruka kwa sababu mwandishi hufuata miaka ya uchaguzi mkuu peke yake, halafu wasomaji wanabaki kujiuliza NDP ilitokea wapi.

Kuhusu Mathai na Leakey, usiandike "ushindi wa Kanu" kana kwamba kulikuwa na chama kingine cha kushinda. Kura yenyewe ilikuwa baina ya wana-Kanu. Na kwa 1988 weka maelezo mafupi chini: mchujo ulikuwa wa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya picha ya mgombea, na aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa. Bila maelezo hayo kijana wa leo ataisoma 1988 kama 2022.

Sasa jambo lenyewe, Nduta, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Mipaka.

Lang'ata ya 2007 na Lang'ata ya 2013 ni maeneo mawili tofauti yenye jina moja. Katiba ya 2010 iliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290, na tume ya uchaguzi ilipokata mipaka mwaka 2012, Nairobi ikatoka 8 hadi 17. Hesabu ilikuwa hii: watu wa sensa ya 2009 wagawanywe kwa 290, unapata wastani wa 133,138. Mijini inaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, yaani juu kabisa ni kama 186,000. Lang'ata ya zamani, ikiwa na Kibera yote tumboni, ilikuwa imepita hapo mbali. Ndipo Kibera ikatolewa ikawa eneo bunge la Kibra.

Andika wadi zote kwa majina, msomaji ajione. Lang'ata ya sasa: Karen, Nairobi West, Mugumu-ini, South C na Nyayo Highrise. Kibra: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Angalia mitego miwili hapo. Nyayo Highrise imegusana na Kibera kabisa lakini kura yake ni ya Lang'ata. Na Kenyatta Golf Course ilikuwa ikipiga kura Dagoretti, kwa hiyo hata ukijumlisha Lang'ata na Kibra za leo hupati Lang'ata ya 2007. Mwalimu Odera alijaribu kujumlisha hivyo kwenye karatasi yake ile, ndiyo maana tarakimu zake hazikukubaliana na za mtu yeyote.

Tazama kilichofuata baada ya mpaka kukatwa. Lang'ata: 2013 Joash Olum wa ODM, 2017 Nixon Korir wa Jubilee, 2022 Phelix Odiwuor, Jalang'o mwenyewe, wa ODM. Kiti kimegeuka mara mbili katika chaguzi tatu. Kibra: Ken Okoth 2013 na 2017, Imran Okoth 2019, Peter Orero 2022, wote ODM. Ngome unayoitaja ipo, ila imeondoka na ardhi yake. Imekwenda Kibra. Lang'ata iliyobaki ni kiti cha kupiganiwa, na mkazi anastahili kulijua hilo kabla ya Agosti 2027, maana anayeambiwa kwamba matokeo yanajulikana tayari huona hakuna haja ya kupanga foleni.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga mstari mnene kati ya 2007 na 2013, juu yake andika "mipaka ya zamani", chini "mipaka ya 2012". Chini ya mstari weka safu mbili, Lang'ata na Kibra. Ukitaka kuonyesha wadi zilipigaje 2017 na 2022, usitumie fomu 35B peke yake, hiyo ni jumla ya eneo bunge zima. Chukua fomu 35A za kila kituo, uzipange kwa wadi, ndipo ujumlishe. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja huwa na vituo vingi vyenye jina lilelile na nambari tofauti, na makosa mengi hutokea hapo: mtu anahesabu kituo cha kwanza na kuwaacha wenzake. Asilimia ya mgombea itoe kwenye kura halali. Asilimia ya waliojitokeza itoe kwenye sajili. Rasimu yako imechanganya hizo mbili katika mstari wa 2017.

Uchaguzi mdogo wa Kibra wa 7 Novemba 2019 uweke peke yake. Imran Okoth alipata 24,636, McDonald Mariga wa Jubilee 11,230, Eliud Owalo wa ANC 5,275, katika eneo lenye waliojiandikisha zaidi ya 118,000. Uchaguzi mdogo hauna kura ya urais ya kuwavuta watu vituoni, kwa hiyo ukiulinganisha na uchaguzi mkuu utadhani ODM iliporomoka. Ongeza pia kwamba Mariga alizuiwa mwanzoni kwa kuwa jina lake halikuonekana kwenye sajili, kisha kamati ya tume ikamruhusu. Somo la sajili linawahusu wakazi wetu moja kwa moja.

Narudi kwenye mipaka, univumilie. Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Miaka 12 iliisha Machi 2024 wakati tume haina kamishna hata mmoja. Makamishna walipatikana Julai 2025. Siku mipaka itakapoguswa tena, jedwali lako litahitaji mstari mwingine mnene. Acha nafasi.

Nduta, jedwali la Kamau limeshapangwa kwa herufi, au bado laweza kufunguliwa? Ile ramani ya wadi iliyokuwa ofisini kwa Mama Zuhura ipo? Je, yule mzee wa Makina anaweza kukuonyesha vituo vya zamani vilivyobadilishwa wadi, na unaweza kumfikia kabla ya Jumamosi? Fomu za 35A za South C unazo zote au zimepungua? Na ile sentensi ya kwanza utaiandikaje sasa? Nitumie kabla hujampa Kamau, hata kama ni usiku.

Nisalimie Baba Njeri na watoto.

Wako,
Auma