Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tusajilini sisi tunaowafuata wazee majumbani

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nimekwisha kuandika kwa njia za kawaida, na nakala za barua zangu ninazo, zina mihuri ya kupokelewa. Leo naandika hadharani kwa sababu wiki iliyopita mzee wa miaka 81 amelazwa hospitali kwa jambo ambalo lingemalizwa chumbani kwake kwa nusu saa.

Mimi ni muuguzi mwenye leseni, mkoani Kilimanjaro. Baada ya miaka mingi wodini nilianza shughuli ya kuwahudumia wazee nyumbani kwao. Ninafanya kazi na vijana watatu, wote wauguzi waliosomea na kusajiliwa, ambao walikuwa wamekaa nyumbani bila ajira. Tuna frem moja ya kuhifadhia vifaa: glavu, gozi, mipira ya mkojo, mashine za presha, vipimo vya sukari, pampasi za watu wazima na viti vya magurudumu viwili vya kukodisha. Pale hatutibu mtu. Asubuhi tunachukua mabegi, tunapanda bodaboda, tunawafuata wazee waliko.

Jumanne wakaja maofisa wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Wakatukuta tunapanga mabegi. Wakasema tunaendesha zahanati bila usajili. Niliwaomba waangalie wenyewe kama kuna kitanda, kama kuna dawati la daktari, kama kuna mgonjwa hata mmoja. Wakatia kufuli na kunisainisha karatasi inayonikataza kutoa huduma yoyote mpaka nitakapoitwa. Vifaa vyote vikabaki ndani.

Huyo babu ana tezi dume na amewekewa mpira wa mkojo. Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa zamu yake ya kubadilishiwa. Haikuwezekana, na usiku wa kuamkia Ijumaa mpira ukaziba. Bibi akampigia mwanawe Dar es Salaam, mwanawe akanipigia mimi. Nilipofika tumbo lake la chini lilikuwa limevimba na kuwa gumu, jasho linamtoka, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Nikamwamkia, hakuweza hata kuitikia. Aliniambia tu, "Nesi, nitoe haya maji." Kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote ya utumishi, Mheshimiwa, na nilikuwa nimesimama pale sina kifaa mkononi, nina karatasi ya katazo kwenye pochi. Tukatafuta gari. Noah ikakubali kupanda kwa shilingi 60,000 kwa sababu ya utelezi. Alifika hospitali alfajiri akiwa na homa kali, na mpaka naandika hapa bado yuko wodini, mkojo wake una maambukizi.

Naomba ieleweke kwamba sipingi ukaguzi. Wapo watu wanaochoma sindano mitaani bila cheti, na ningekuwa wa kwanza kuwaripoti. Ninachosema ni kwamba usajili niliutafuta mimi mwenyewe, kabla ofisi yoyote haijanitafuta. Nilipewa fomu. Fomu ile yote inauliza habari za jengo: vyumba ni vingapi, upana wa chumba cha kumwonea mgonjwa, choo cha wagonjwa, chumba cha sindano, kichomea taka. Hakuna mahali panapouliza nani anamtembelea mgonjwa, ana leseni gani, anabeba nini kwenye begi, anarudisha wapi taka zake, anamripoti kwa daktari yupi. Hayo ndiyo maswali ya kazi yangu na ningeyajibu yote. Nilipouliza niandike nini nikaambiwa kundi langu halimo, nisubiri. Huenda waliotunga fomu walikuwa na zahanati kichwani na hawakumfikiria mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Ndivyo ninavyodhani mimi. Wewe una wataalamu wa kukueleza vizuri zaidi.

Mheshimiwa, njoo huku Kilimanjaro uone ninachokisema. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye wazee wengi kulingana na idadi ya watu wake. Vijana wameshuka mjini, wameenda Arusha, Dar es Salaam na nje ya nchi. Kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, chini ya migomba na kahawa, wamebaki babu na bibi na dada wa kazi wa miaka 17. Desemba magari yanajaa barabarani, nyumba zinapigwa rangi, mbuzi wanachinjwa. Januari katikati mzee amebaki peke yake na mfuko wa dawa za presha ambazo hakuna anayekumbuka zinanywewa lini.

Na magonjwa ya wazee wa huku yamepimwa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai kwa watu wa miaka 70 na kuendelea ulikuta karibu 7 katika kila 10 wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa kwenye matibabu ya kuridhisha. Utafiti mwingine wa huko huko Hai, kwa umri huo huo, ulikuta asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wa uzeeni. Utafiti wa kiharusi nao, uliohusisha Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ulionyesha kwamba Hai kinawapata watu kwa kiwango kinachofanana na cha nchi tajiri, na Dar es Salaam kwa kiwango kinachozidi nyingi ya nchi hizo. Wanasayansi wamekuja na madaftari yao, wamewahesabu wazee wetu, dunia nzima inasoma. Mzee aliyepooza upande mmoja anarudishwa kutoka hospitali ya rufaa na karatasi ya kumruhusu, na kuanzia getini pale ni Mungu na familia yake.

Mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya kiunoni na kwenye visigino inaanza kuwa nyekundu, halafu nyeusi, halafu inafunguka. Nimesafisha kidonda cha mgandamizo cha bibi mmoja ambacho mfupa ulikuwa unaonekana. Dada wake wa kazi alikuwa anampenda bibi yule kama mama yake, anamlisha uji kwa kijiko, anamwimbia, ila hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha namna ya kumgeuza. Nilimfundisha mchana mmoja. Kidonda kilichukua miezi kufunga.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naona halisikiki wizarani. Hii ni huduma, na pia ni biashara halali inayosubiri kuruhusiwa. Kila inapozungumzwa fursa ya kuwekeza kwenye afya tunasikia hospitali za ghorofa, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, wagonjwa wa kutoka nje ya nchi. Ni mambo mazuri na tunayahitaji. Lakini Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na wenye miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya milioni 3. Wengi wao hawahitaji ghorofa. Wanahitaji mtu aje kuwapima presha, awafunge kidonda, awabadilishie mpira, awafanyishe mazoezi ya mkono uliopooza, awachukulie damu apeleke maabara, awapangie vidonge vya wiki, na amwambie daktari mapema kabla mambo hayajaharibika. Wanahitaji kukodi kitanda cha kukunja na godoro la hewa kwa miezi mitatu bila kulazimika kununua. Wanahitaji mahali pa kupelekwa mchana ili binti yao aende kazini. Wanahitaji dada wa kazi aliyefundishwa na kupewa cheti, ambaye mshahara wake utapanda kwa sababu ana ujuzi.

Na mlipaji yupo. Mimi natoza 25,000 kwa ziara moja pamoja na nauli ya boda. Watoto wa wazee hawa wananitumia kwa simu kutoka Dar es Salaam, Mwanza, hata Ujerumani, tena wengine wanalipa mwezi mzima kabla sijaanza, kwa sababu kinachowakosesha usingizi ni kutojua mama ameamkaje. Gari la kumshusha mgonjwa mjini linazidi mara mbili ya ziara yangu, bado foleni, bado chakula cha anayemsindikiza. Kwa kazi hii nimewalipa vijana watatu mishahara bila kuomba senti ya serikali. Wauguzi wangapi waliohitimu wako nyumbani sasa hivi, Mheshimiwa, wanauza vocha na nguo za mitumba? Mmoja wa vijana wangu anajifunza Kijerumani jioni ili aende kuwatunza wazee wa huko. Namtakia heri. Ila inaniuma kwamba kule kazi hii ina jina, ina mkataba na mshahara, na huku bosi wake amefungiwa frem.

Bila leseni hatuwezi kukua. Benki inauliza leseni. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inataka shughuli inayotambulika. Bima nayo inataka kituo kilichosajiliwa. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, ana kadi yake ya bima aliyoichangia miaka yote ya kazi. Kadi ile ingemlipia kulazwa, lakini ziara yangu ya kumzuia asilazwe alilipa mfukoni. Naomba hesabu hiyo ifanywe na wataalamu wa fedha wa wizara, mimi ni muuguzi tu, lakini naamini mfuko wowote wa bima utaona una faida gani kulipa ziara kumi kuliko kulipa wodi wiki mbili.

Ahadi tunazo za kutosha. Sera ya Taifa ya Wazee ilitungwa mwaka 2003. Wenzetu wa Zanzibar wanalipa pensheni kwa kila mwenye miaka 70 tangu 2016, na wana sheria ya mambo ya wazee tangu 2020. Huku Bara sheria kama hiyo tunaidai mpaka leo. Tuna msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza, tuna dirisha la wazee hospitalini, tuna mabango ya kuwapisha foleni. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini dirisha linamsaidia mzee aliyelifikia. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na nilishangilia kwa dhati nikijua kwamba "wote" ni pamoja na wasioweza kuinuka. Mwanzoni mwa 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nchi nzima, na hao watatusaidia sana kuwaibua wagonjwa. Ila mhudumu wa jamii habadilishi mpira wa mkojo na hasafishi kidonda kilichofika kwenye mfupa. Anahitaji muuguzi wa kumpelekea taarifa, na muuguzi huyo anatakiwa awe na haki ya kisheria ya kuingia ile nyumba na begi lake.

Japani walianzisha bima ya matunzo ya muda mrefu mwaka 2000. Mzee anapimwa kiwango cha uhitaji wake, anapangiwa huduma, na muuguzi au mtunzaji anayemfuata nyumbani analipwa na bima, mzee akichangia sehemu ndogo. Watoa huduma binafsi wakubwa kwa wadogo waliingia kwa wingi kwa sababu walijua kanuni ni zipi na nani atalipa. Sisi hatuna fedha za Japani na wala siombi fedha hizo. Naomba tuanze na kanuni, ambazo gharama yake ni karatasi na kikao.

Kwa hiyo Mheshimiwa, naomba liwepo kundi la usajili kwa huduma za afya za nyumbani. Weka masharti makali unavyotaka: muuguzi mwenye leseni hai, daktari wa kumsimamia, kumbukumbu za kila mgonjwa, utaratibu wa taka, ukaguzi wa kushtukiza. Tukague hata kila mwezi. Baada ya hapo ziara ya nyumbani iingizwe kwenye kitita cha bima, hata kama ni kwa kuanzia na wagonjwa wa kiharusi, wenye vidonda na wenye mipira. Nilitaka kuomba na unafuu wa kodi kwenye viti vya magurudumu na pampasi za wazee, nilitaka kuomba na mafunzo kwa madada wa kazi, lakini nimeshaona ukiomba mengi unajibiwa kwamba yanafanyiwa kazi. Basi niache na hilo la kwanza tu. Kundi la usajili. Ukilitoa hilo, mengine tutayatafuta wenyewe.

Na wakati linaandaliwa, naomba uelekeze wanaofanya kazi hii wakiwa na leseni za uuguzi wapewe kibali cha muda, wasifungiwe. Nina wazee wanaosubiri zamu zao wiki hii. Wawili wana mipira, mmoja ana kidonda ambacho kilikuwa kimeanza kuota nyama. Familia zao zinanipigia kila asubuhi kuuliza kama nakuja, na sina cha kuwajibu mpaka nipate jibu lako.

Wako katika kulijenga Taifa,

Muuguzi, Kilimanjaro